Sauti Zilizonaswa na Kipaza Sauti

Kila Mei 24, Siku ya Skizofrenia Duniani, tunaambiwa tusiwatenge wagonjwa, tuwawahishe hospitali. Ni wito mwema. Lakini kuna swali linalozinyima familia usingizi: huyu ndugu yetu anasikia nini, na ni nani anayemsemesha?

Tuanze na ubongo. Mwaka 1865 Paul Broca wa Ufaransa alionyesha kwamba usemi unategemea upande wa kushoto wa ubongo. Mwaka 1874 Mjerumani Carl Wernicke akaonyesha kwamba kuelewa maneno nako ni kazi ya upande huohuo. Jina la skizofrenia likatolewa na Eugen Bleuler wa Uswisi mwaka 1908.

Aliyenivutia zaidi ni daktari Mmarekani, Louis Gould. Katika ripoti yake ya mwaka 1949 anaeleza habari za mwanamke aliyesumbuliwa na sauti, ambaye koo lake lilikuwa likitoa mnong'ono hafifu mno. Gould akaukuza kwa kipaza sauti, na maneno yakasikika. Mnong'ono ulimtaja mtu anayejua kila kitu, hata mambo ya kurusha ndege. Papo hapo mgonjwa akasema kwa sauti ya kawaida kwamba amewasikia wakisema yeye ana ujuzi wa kurusha ndege. Mama yule hakuwa akidanganya. Alikuwa akisikia maneno ya kweli, ila hakujua kwamba yanatoka kooni mwake mwenyewe.

Mwaka 1987 Peter Bick na Marcel Kinsbourne waliwaomba wagonjwa 18 waliokuwa wakisikia sauti wapanue midomo wazi kabisa, ili wasiweze kunong'ona. Kwa 14 kati yao, sauti zilikoma. Kukunja ngumi, kwa kulinganisha, hakukusaidia kitu.

Mitambo ya kupiga picha ubongo ikafuata. Mwaka 1992 Martha Shenton na wenzake wa Boston walikuta sehemu ya kusikia lugha, upande wa kushoto, imepungua kwa wanaume 15 wenye skizofrenia. Mwaka uliofuata Philip McGuire wa London aliona eneo la Broca, lile la usemi, likichangamka wakati sauti zinasikika. Vipimo vya masikio navyo viliafiki: watu wengi wakisikilizishwa maneno mawili kwa mpigo, sikio la kulia, ambalo njia yake kuu huenda kushoto mwa ubongo, hushinda. Kwa wanaosikia sauti, ushindi huo hufifia, kana kwamba upande wa kushoto una shughuli nyingine.

Baadaye, mwaka 2008, Iris Sommer wa Uholanzi akakuta upande wa kulia ndio unaowaka zaidi sauti zinapokuja, na mjadala ukaanza upya. Tiba ya sumaku aliyoijaribu Ralph Hoffman wa Yale, akilenga upande wa kushoto, iliwapa baadhi ya wagonjwa nafuu. Majaribio makubwa ya baadaye hayakuithibitisha.

Kinachoniuma ni kwamba faili la mgonjwa bado huandikwa "anasikia sauti", kisha dawa, kisha anaitwa anayefuata. Zinasema nini, kwa lugha gani, zinakuja saa ngapi: hayo Gould aliyasikiliza, na hayahitaji mtambo.