Cicely Tyson: Mwigizaji aliyejenga jina kwa kukataa

NI bibi kizee wa miaka 110, mgongo umeinama, mkononi ana mkongojo. Anaelekea taratibu kwenye bomba la maji ya kunywa lililo nje ya mahakama ya mji mmoja mdogo wa jimbo la Louisiana. Bomba hilo ni la watu weupe peke yao. Askari wanamtazama. Bibi anainama, anakunywa, kisha anageuka na kurudi kwa mwendo ule ule aliokuja nao.

Hiyo ndiyo sehemu ya mwisho ya mchezo wa televisheni uitwao The Autobiography of Miss Jane Pittman, uliorushwa na kituo cha CBS cha Marekani Januari 31, 1974. Aliyekuwa amejificha ndani ya ile sura ya uzee ni Cicely Tyson, mwanamke ambaye siku hiyo alikuwa bado hajatimiza miaka 50. Kazi hiyo ilimpatia tuzo mbili za Emmy kwa mkupuo, na kumfanya mwanamke mweusi wa kwanza kupewa Emmy ya mwigizaji mkuu wa kike katika tamthilia.

Huenda wengi wanamkumbuka zaidi kama Binta, mama yake Kunta Kinte katika Roots. Wengine walimfahamu uzeeni, katika tamthilia za miaka ya karibuni. Lakini historia yake haikamiliki kwa kuorodhesha kazi alizofanya. Inapasa kuhesabu pia zile alizozikataa, na miaka aliyokaa bila kazi kwa sababu ya kuzikataa.

Binti wa wahamiaji

Cicely Tyson alizaliwa Desemba 19, 1924 jijini New York. Wazazi wake walikuwa wahamiaji kutoka Nevis, kisiwa kidogo cha Karibiani. Baba yake alikuwa seremala na mpaka rangi, na mama yake alifanya kazi za ndani katika nyumba za watu. Baada ya wazazi kutengana, watoto walilelewa na mama katika mtaa wa East Harlem.

Mama huyo alikuwa mcha Mungu na mkali. Kanisani watoto walishinda karibu siku nzima, wakiimba na kupiga vinanda, lakini sinema ilikuwa marufuku. Kwa mama, mambo ya maigizo yalikuwa mlango wa dhambi.

Alipomaliza shule, Cicely aliajiriwa kupiga taipu katika ofisi ya shirika la Msalaba Mwekundu. Siku moja alisimama katikati ya kazi na kuwatangazia wenzake kuwa haamini kama Mungu alimuumba ili apige taipu maisha yake yote. Akaingia katika kazi ya uanamitindo, na baada ya muda picha zake zilionekana katika magazeti makubwa ya mitindo. Kutoka huko ndiko alikovutwa kwenye uigizaji.

Mama yake aliposikia, alimwambia ahame nyumbani. Kwa muda mrefu mama na binti hawakusemezana. Walipatana baadaye, pale mama alipokubali kwenda kumtazama mwanawe jukwaani na kujionea mwenyewe heshima aliyopewa.

Jukwaani

Miongoni mwa michezo yake ya mwanzo ni Dark of the Moon, ulioonyeshwa mwaka 1958 katika ukumbi wa YMCA wa Harlem. Jina lake, hata hivyo, lilianza kuvuma Mei 1961, pale mchezo The Blacks wa Mfaransa Jean Genet ulipofunguliwa katika ukumbi mdogo wa St. Mark's Playhouse, New York.

Mchezo huo ulikuwa wa aina yake. Waigizaji wote walikuwa weusi, na baadhi yao walivaa vinyago vyeupe ili kuigiza watawala wa kikoloni: malkia, hakimu, gavana, mmisionari. Tyson aliigiza kahaba aitwaye Virtue. Wenzake jukwaani walikuwa watu ambao baadaye dunia ilikuja kuwafahamu vyema, wakiwamo James Earl Jones, Maya Angelou, Louis Gossett Jr. na Roscoe Lee Browne. The Blacks ulionyeshwa mara 1,408, na ukawa shule ya kizazi kizima cha waigizaji weusi wa Marekani.

Mwaka 1962 Tyson alitunukiwa tuzo ya Vernon Rice kwa kazi yake katika Moon on a Rainbow Shawl, mchezo wa Errol John wa Trinidad.

Nywele zilizozua mjadala

Mwaka 1963 CBS ilianza kurusha East Side/West Side, tamthilia iliyohusu wafanyakazi wa ustawi wa jamii jijini New York. George C. Scott alikuwa mhusika mkuu, na Tyson aliigiza katibu wake, Jane Foster. Alikuwa mwanamke mweusi wa kwanza kupata nafasi ya kudumu ya namna hiyo katika tamthilia ya televisheni ya Marekani. Wanawake weusi waliomtangulia walionekana zaidi katika vichekesho, tena mara nyingi wakiwa watumishi wa ndani.

Jambo lililowashtua watazamaji zaidi lilikuwa kichwa chake. Tyson alitokea na nywele za kipilipili zilizokatwa fupi, bila wigi na bila kunyooshwa kwa kitana cha moto. Siku hizo ilikuwa nadra mwanamke mweusi kuonekana hivyo hadharani, sembuse kwenye televisheni. Barua zikamiminika. Wapo waliomshukuru, na wapo weusi wenzake waliomlaumu kwa kuwaaibisha. Tyson mwenyewe alisimulia miaka mingi baadaye kuwa hata watengenezaji nywele walimwandikia kulalamika, kwani wateja wao walikuwa wameanza kukata nywele kama zake.

Tamthilia hiyo haikudumu. Baadhi ya vituo vya majimbo ya kusini vilikataa kuonyesha mojawapo ya vipindi vyake vilivyogusa ubaguzi wa rangi, na baada ya msimu mmoja ikafutwa. Mtindo wa nywele ulibaki.

Gharama ya kukataa

Mwanzoni mwa miaka ya 1970 kulizuka wimbi la filamu zilizowalenga watazamaji weusi, nyingi zikiwa hadithi za majambazi, wauza dawa za kulevya na makahaba. Filamu hizo zilileta ajira kwa waigizaji weusi ambao kwa miongo mingi walikuwa wamefungiwa milango, na si haki kuwalaumu waliozicheza. Tyson alizikataa. Hakuwa akikataa kumwigiza maskini, mtumishi au kahaba, kwani wote hao alikwisha kuwaigiza. Alichokataa ni mhusika asiye na utu, aliyewekwa pale ili achekwe au adharauliwe.

Uamuzi huo ulikuwa na bei yake. Baada ya filamu ya The Heart Is a Lonely Hunter ya mwaka 1968, ilimchukua miaka minne kupata filamu nyingine ya maana.

Nayo ilikuwa Sounder ya mwaka 1972, iliyoongozwa na Martin Ritt. Humo Tyson ni Rebecca Morgan, mke wa mkulima mweusi anayelima shamba la mtu kwa kugawana mavuno, katika Louisiana ya miaka ya njaa, 1933. Mume anaiba nyama ili watoto wale, anafungwa, na mke anabaki na shamba na watoto. Mandhari inayokumbukwa zaidi ni ile ya mume kurejea kutoka kifungoni: Rebecca anamwona kwa mbali barabarani, anatoka mbio huku mikono ameinyoosha mbele. Kwa nafasi hiyo aliteuliwa kuwania Oscar. Mwaka huo Diana Ross naye aliteuliwa, na ilikuwa mara ya kwanza wanawake wawili weusi kushindania tuzo ya mwigizaji mkuu wa kike kwa pamoja. Mshindi alikuwa Liza Minnelli.

Katika ziara ya kuitangaza Sounder, mwandishi mmoja mzungu alimweleza Tyson kuwa alipata taabu moyoni alipomsikia mtoto mweusi wa filamu akimwita baba yake kwa neno lile lile ambalo watoto wake yeye humwitia. Tyson alisema mara nyingi kuwa hapo ndipo alipotambua kazi yake ni nini. Ikiwa mtu aliyesoma anaweza kushangaa kwamba mweusi naye ana baba anayempenda, basi jukwaa na kamera vilikuwa na jambo la kufundisha.

Wanawake wa historia

Miaka iliyofuata ilikuwa ya mavuno. Ili kumwigiza Jane Pittman, mhusika wa riwaya ya Ernest J. Gaines aliyezaliwa utumwani na kuishi hadi zama za harakati za haki za raia, Tyson alikwenda katika nyumba za kutunzia wazee na kuchunguza jinsi wanavyokaa, wanavyotembea na wanavyovuta pumzi.

Januari 1977 kituo cha ABC kilirusha Roots kwa usiku nane mfululizo. Hadithi inaanzia kijiji cha Juffure nchini Gambia mwaka 1750, na sauti ya kwanza ya uchungu ni ya Binta akijifungua mtoto. Tyson anaonekana mwanzoni tu mwa tamthilia hiyo, lakini ni yeye anayemwonyesha mtazamaji nyumba iliyobomolewa na biashara ya utumwa.

Mwaka 1978 aliigiza Coretta Scott King katika King, na mwaka huo huo Harriet Tubman, mwanamke aliyetoroka utumwani kisha akarudi mara kadhaa kuwaokoa wengine, katika A Woman Called Moses. Mwaka 1981 alikuwa Marva Collins, mwalimu wa Chicago aliyeanzisha shule yake kwa ajili ya watoto waliodhaniwa hawafundishiki. Emmy ya tatu aliipata mwaka 1994 kwa Oldest Living Confederate Widow Tells All.

Maisha yake ya ndani aliyalinda sana. Mwaka 1981 aliolewa na mpiga tarumbeta mashuhuri wa jazi, Miles Davis, aliyekuwa amefahamiana naye tangu miaka ya 1960. Ndoa hiyo ilivunjika mwaka 1989. Hata umri wake ulikuwa siri: kwa muda mrefu vitabu na magazeti vilimwandika kuwa amezaliwa mwaka 1933.

Kurudi Broadway

Mwaka 1983 alicheza The Corn Is Green huko Broadway, mchezo uliodumu muda mfupi. Kisha ikapita miaka 30 bila kuonekana katika kumbi hizo.

Tangu alipotazama filamu ya The Trip to Bountiful mwaka 1985, alikuwa akimwambia wakala wake amtafutie hadithi ya namna ile. Mwaka 2013 aliipata yenyewe. Katika mchezo huo wa Horton Foote aliigiza Carrie Watts, bibi anayetoroka nyumba ya mwanawe ili akaone mara ya mwisho kijiji alikozaliwa. Kila alipoanza kuimba wimbo wa kanisani katikati ya mchezo, watazamaji walianza kuimba pamoja naye. Juni mwaka huo alitwaa tuzo ya Tony akiwa na miaka 88, mshindi mkongwe kuliko wote wa tuzo ya uigizaji hadi wakati huo.

Mwaka 2015, akiwa amekaribia miaka 91, alipanda tena jukwaani katika The Gin Game, mchezo wa watu wawili tu. Mwenzake alikuwa James Earl Jones, yule yule wa The Blacks, miaka 54 baadaye.

Mwaka huo pia alianza kuonekana katika How to Get Away with Murder kama Ophelia, mama wa mwanasheria aliyeigizwa na Viola Davis. Davis amesimulia kuwa alipomwona Tyson kwenye televisheni akiwa mtoto, katika Jane Pittman, ndipo alipotaka kuwa mwigizaji. Katika kipindi kimojawapo, mama anamketisha binti yake na kumchana nywele zake za asili. Hapakuwa na wigi, wala hakuna aliyeandika barua kulalamika kuwa ameaibishwa. Septemba 2015 Davis akawa mwanamke mweusi wa kwanza kushinda Emmy ya mwigizaji mkuu wa tamthilia ya mfululizo.

Heshima nyingine zilifuata. Novemba 2016 Rais Barack Obama alimvisha Nishani ya Uhuru ya Rais, na Novemba 2018 alipewa Oscar ya heshima, mwanamke mweusi wa kwanza kuipata. Katika mji wa East Orange, New Jersey, iko shule ya sanaa yenye jina lake, ambayo alikuwa akiitembelea mwenyewe.

Kitabu cha maisha yake, Just as I Am, kilitoka Januari 26, 2021, kikiwa na dibaji ya Viola Davis. Siku mbili baadaye, Januari 28, Cicely Tyson alifariki dunia akiwa na umri wa miaka 96.

Februari mwaka huo watu walipanga foleni katika baridi nje ya kanisa la Abyssinian Baptist, Harlem, ili kumuaga. Kutoka hapo hadi jengo la YMCA alikocheza Dark of the Moon mwaka 1958, mtu hutembea kwa miguu.