Kuona si Kuokota: Wanafunzi, Visukuku na Kiswahili Mashariki mwa Uganda

Makala haya yanatetea hoja kwamba kuwashirikisha wanafunzi katika utafiti wa visukuku ni kurasimisha kazi ambayo macho ya wasio na shahada yameifanya kwa muda mrefu katika kanda yetu.

Mlima Elgon, unaouinukia mji wa Mbale, ni volkano kuukuu iliyohifadhi mabaki ya wanyama wa Miosini. Mwaka 1968 Alan Walker alichapisha taarifa ya visukuku vya Bukwa, upande wa Sebei, ambavyo sasa hukadiriwa kuwa na umri wa miaka milioni 19 hivi. Kaskazini zaidi, W. W. Bishop alikwisha kuchunguza Napak na Moroto tangu miaka ya 1950. Taarifa hizo zilitoka kwa Kiingereza. Mkulima wa Bukwa na mwanawe hawakuwa miongoni mwa waliokusudiwa kuzisoma.

Ilhali historia yaonyesha thamani ya macho hayo. Kamoya Kimeu, ambaye masomo yake yaliishia shule ya msingi, ndiye aliyegundua mabaki ya Mvulana wa Turkana mwaka 1984. Huko Afrika Kusini, mwaka 2008, Matthew Berger, mtoto wa miaka tisa, aliona kisukuku cha kwanza cha Australopithecus sediba.

Hata hivyo, kuona si kuokota. Kisukuku kikihamishwa kabla ya tabaka na mahali pake kuandikwa, hupoteza sehemu kubwa ya ushahidi wake. Kwa hiyo mwanafunzi wa Mbale afunzwe kupiga picha, kuandika mahali na kuiarifu Makumbusho ya Uganda. Mwenzake wa Jinja, aliye mbali na maeneo hayo, anaweza kuchambua picha, kama ulivyofanya mradi wa Fossil Finder kuanzia mwaka 2015 kwa picha za ardhi ya Bonde la Turkana.

Mtaala wa sekondari wa mwaka 2020 umefungua mlango: una kazi za miradi, na Kiswahili ni somo la lazima katika miaka miwili ya kwanza. Tunapendekeza mambo mawili. Kwanza, iandaliwe fomu moja ya taarifa kwa Kiswahili, yenye nafasi ya majina ya mawe na udongo kwa Lumasaba, Kupsabiny na Lusoga. Pili, jina la mwanafunzi aliyeona liingizwe katika daftari la makumbusho. Pasipo hilo, ushirikishwaji utakuwa utumishi usio na ujira wala kumbukumbu.