Jicho la Mayatima

Baba alikuwa na studio ndogo ya picha Uvira. Tulipovuka mpaka wa Kavimvira mwaka 2004 nilibeba aparei yake, FED-2, ndani ya mfuko wa unga. Lenzi ilibaki kwenye droo. Miaka yote hiyo aparei ilikaa kwenye rafu ya atelye ya kuchomelea vyuma ninakofanya kazi, hapa Zone Industrielle, na wenzangu wakinicheka: "Sasa jicho lake liko wapi?"

Mwaka jana mdogo wangu aliye Ubelgiji akanitumia lenzi ya FED ya kabla ya Vita Kuu ya Pili, pamoja na filamu moja ya picha 36. Nyuzi zake za skrubu ni za milimita 39, sawa na aparei ya Baba. Ikajifunga vizuri, nikafurahi. Kumbe kufungika si kupatana.

Ndugu msomaji, sababu yake ni ya zamani. Mwaka 1930 Wajerumani wa Leica walipoanza kuuza aparei za lenzi ya kubadilisha, kila lenzi ilipimwa kwa aparei moja tu, ikachorwa namba yake. Mwaka 1931 wakaweka kipimo kimoja kwa zote: milimita 28.8 toka pete ya lenzi mpaka filamu.

Mjini Kharkiv, Ukraine, kulikuwa na makazi ya mayatima na watoto wa barabarani, yaliyofunguliwa mwaka 1927 na kuongozwa na mwalimu Anton Makarenko. Watoto walisoma nusu siku, nusu nyingine wakafanya kazi kiwandani. Mwaka 1934 wakaanza kutoa aparei walizonakili kwa Leica, wakaziita FED, herufi za Feliks Edmundovich Dzerzhinsky, mkuu wa kwanza wa polisi ya siri ya Kisovieti. Lakini kile kipimo cha 28.8 hawakukishika. Kila lenzi ililinganishwa na mwili wake mmoja, basi. Ukizitenganisha, hazielewani na wengine.

Mwaka 1941 Wajerumani walipokaribia, kiwanda chenyewe kikakimbia hadi Berdsk, Siberia. Ndiyo, hata mashine zilikuwa wakimbizi. FED-2 ilikuja mwaka 1955, nayo inafuata kipimo cha 28.8. Kwa hiyo mkononi nilikuwa na jicho la mayatima kwenye mwili wa watu wengine.

Sikutaka kuharibu filamu. Nikapanda juu ya paa la atelye, nikatoa mgongo wa aparei, nikaacha shata wazi, nikabandika karatasi nyembamba ya kunakilia ramani pale filamu inapopita. Ng'ambo ya ziwa, milima ya Uvira. Nikaweka lenzi kwenye alama ya mbali kabisa: ukungu mtupu. Nikaizungusha polepole, milima ikaja safi lenzi ikisema mita 10. Maana yake lenzi ilikuwa imekaa ndani mno, kwa robo ya milimita hivi.

Robo ya milimita ni kama karatasi tatu za daftari. Nikakata pete tatu kwenye daftari la binti yangu, nikaziweka nyuma ya lenzi, kisha nikarekebisha kipima umbali kwa skrubu yake ndogo, mpaka zile sura mbili za mlima zikawa moja.

Siku ya pili nilimpeleka Mama ufukweni. Ana miaka 78, hajavuka kurudi tangu 2004, na alitaka picha moja tu: yeye, na mlima wa kwetu nyuma yake. Kabla ya kutia filamu nilimwonyesha ile karatasi. Akainama, akatazama sana. Kwenye karatasi picha huja imepinduka.

"Umegeuza Congo kichwa chini," akasema.

"Itasimama kwenye picha, Mama."

"Haya. Piga basi, kabla haijaanguka."

Nilipiga tatu. Zimebaki 33.