Mlango Namba 135

Agosti 2003, katika kibanda kimoja cha intaneti jijini Dar es Salaam, kompyuta tano kati ya sita zilianza kuhesabu. Kidirisha cha kijivu kilichomoza katikati ya skrini, kikatangaza kwamba mfumo unazimika, kisha sekunde zikaanza kurudi nyuma: 60, 59, 58. Dada mmoja aliyekuwa katikati ya barua ya maombi ya kazi alipiga yowe. Mimi nilikuwa nimelipia nusu saa na nimetumia dakika nne.

Fundi wa pale, kijana tuliyemwita Anko ingawa wengi tulimzidi umri, alitoka kaunta mbio. “Msiguse kitu! Dada, niachie kibodi.” Alifungua kisanduku cha kuandikia amri, akabonyeza herufi chache, “shutdown -a”, na hesabu ikakatika. Akahamia kompyuta ya pili, ya tatu, ya nne. Alipofika ya tano, ya kwanza ilikuwa imeanza tena. Mwishowe alichomoa waya wa mtandao, akatugeukia. “Kuanzia leo, ukiona hesabu, chomoa waya kwanza. Maswali baadaye.”

Pale kwenye kona, kuukuu moja ya Windows 98, ambayo herufi E ya kibodi yake ilishafutika, haikuhesabu chochote. Mzee aliyekuwa akiitumia alitutazama kwa huruma.

Mgeni wetu alikuwa Blaster, na sifa yake mbaya ni kwamba hakuhitaji mtu akosee. Kirusi cha kawaida hungoja ufungue kiambatisho. Mnyoo hujipeleka wenyewe. Kila kompyuta iliyo mtandaoni ina milango zaidi ya 65,000 ya kupokelea mawasiliano, na kila huduma ina namba yake: kurasa za tovuti hupitia 80, barua pepe baina ya seva hupitia 25. Windows 2000 na XP zilitumia mlango 135 kupokea maombi ya huduma kutoka kompyuta nyingine. Blaster ulibisha hodi hapo na kupeleka ujumbe mrefu kuliko nafasi iliyotengwa. Ziada ikamwagikia sehemu ya kumbukumbu isiyokuwa yake, na ndani ya ziada hiyo mlikuwa na maagizo ya mnyoo. Kuzimika halikuwa lengo. Huduma iliyovamiwa ilianguka, na Windows, kwa kuwa haiwezi kuishi bila huduma hiyo, ikaamua kujizima na kuanza upya. Kuukuu ya kwenye kona ilipona kwa sababu Windows 98 haikuwa na tundu lile.

Kinachouma ni kalenda. Tundu lilikuwa limeshagunduliwa na kundi la watafiti wa Poland waliojiita Last Stage of Delirium, na Microsoft ikatoa kiraka cha kuliziba tarehe 16 Julai 2003. Mnyoo ulionekana tarehe 11 Agosti. Dunia nzima ilikuwa na siku 26 za kupiga kiraka, na sehemu kubwa yake haikupiga. Wala haikuwa mara ya kwanza mwaka huo. Mnyoo wa Slammer, uliosambaa Januari 2003 kwa dakika chache tu, ulipita kwenye tundu ambalo kiraka chake kilikuwa na umri wa miezi sita.

Lililonishangaza zaidi nililijua miaka mingi baadaye. Zile kompyuta tano, kama zilikuwa na XP kama nikumbukavyo, zilikuwa na mlinzi ndani yake. XP ilipotoka Oktoba 2001 ilikuja na ukuta wa moto wake yenyewe. Ulikuwa umezimwa. Ili kuuwasha ilibidi upite kwenye orodha ya miunganisho ya mtandao, ufungue sifa za muunganisho wako, uende kwenye ukurasa wa mwisho, utie alama kwenye kisanduku kimoja. Sijawahi kukutana na mtu aliyefika huko kwa bahati.

Nisimame kidogo kwenye hilo jina, maana Kiswahili tumelipokea vibaya. “Ukuta wa moto” masikioni mwetu ni ukuta unaowaka. Kiingereza kilimaanisha kinyume chake: ukuta mnene unaojengwa kati ya nyumba zilizoshikana ili moto wa jirani usivuke. Waliolichukua jina hilo mwishoni mwa miaka ya 1980 walikuwa wanafikiria jirani. Mtandao wa wakati huo ulikuwa kijiji cha vyuo na maabara, watu wakiingiliana bila hodi. Tarehe 2 Novemba 1988, Robert Tappan Morris, mwanafunzi wa Cornell, aliachia mnyoo uliokwamisha kompyuta zilizokadiriwa kufika 6,000, wakati mtandao mzima ulikuwa na 60,000 hivi. Mahakama ilimpa kifungo cha nje cha miaka mitatu na saa 400 za kazi za kijamii. Baada ya hapo kampuni na vyuo vikaanza kuweka geti.

Mlinzi wa geti hilo mwanzoni alikuwa mjinga. Alisoma namba ya mlango na anwani ya mgeni, akaruhusu au akakataa. Wa kizazi kilichofuata, aliyeenezwa na bidhaa za kampuni ya Check Point kuanzia 1994, alipewa daftari. Mtu wa ndani akituma ombi nje, mlinzi anaandika. Jibu likirudi, analitafuta daftarini na kuliruhusu. Mgeni ambaye hakuna aliyemwita anabaki nje hata awe na adabu kiasi gani. Huyo wa pili ndiye aliyekuwa amelala ndani ya XP.

Kwa nini alilazwa? Kwa hofu ya usumbufu. Mlinzi mkali angezuia kushirikishana mafaili na printa nyumbani na maofisini, na programu nyingi zilizoandikwa kwa kuzoea milango wazi zingegoma. Bill Gates aliwaandikia wafanyakazi wake waraka Januari 2002 akitaka usalama utangulie vionjo vipya, lakini XP ilikuwa tayari madukani na mazoea yake.

Katikati ya vurugu za Blaster kilitokea kichekesho. Tarehe 18 Agosti ulitoka mnyoo wa pili, Welchia, uliopitia tundu lilelile ili kumfukuza Blaster, kupakua kiraka na kukipachika. Hata ulipangiwa kujifuta mwaka 2004 ukianza. Msamaria huyo alipiga hodi kwa nguvu kiasi kwamba mitandao iliyosalimika na ugonjwa ikalemewa na daktari. Blaster wenyewe ulikuwa umeandaliwa kuishambulia anwani ya windowsupdate.com tarehe 16 Agosti, ili watu washindwe kufikia viraka. Microsoft ikaiondoa tu anwani hiyo, kwa kuwa ilikuwa njia ya mkato, huduma yenyewe ikikaa kwingine.

Mabadiliko yalikuja kwa vipande viwili. Oktoba 2003 Microsoft iliweka siku maalumu ya viraka, Jumanne ya pili ya kila mwezi, ili mafundi wajipange. Wahalifu nao wakajipanga: kiraka kikitoka, wanakilinganisha na faili la zamani, na tofauti inawaonyesha tundu lilipo. Kisha, Agosti 2004, ikatoka Service Pack 2 ya XP. Wahandisi waliondolewa kwenye toleo lililofuata la Windows ili waimalize. Mlinzi aliamshwa kwa kila mtu, bila kuulizwa. Hata zile sekunde za kompyuta inapowaka, ambapo zamani mtandao uliamka kabla ya mlinzi, zikazibwa.

Kwetu hapo ndipo shida ilipoanzia. Kifurushi hicho kilikuwa na megabaiti zipatazo 266. Kwa modemu ya simu ya kilobiti 56, ikienda kasi yake yote bila kukatika hata mara moja, hizo ni zaidi ya saa kumi, na simu inahesabu. Taasisi ya SANS ya Marekani ilikadiria mwaka huo kwamba kompyuta ya Windows isiyo na viraka ikiunganishwa mtandaoni huvamiwa kwa wastani wa dakika 20. Yaani dawa ilihitaji saa kumi, ugonjwa dakika ishirini, na njia ya kuvifikia ilikuwa moja. Kebo ya SEACOM ilifika pwani yetu 2009; hadi hapo, kuipa kompyuta sasisho ilikuwa jambo la kubebana. Anko alipata CD yake kwa mtu aliyempata kwa mtu. Aliiandika kwa kalamu ya wino mzito: SP2 – HAIAZIMWI. Alichomoa waya, akaipitisha kompyuta moja baada ya nyingine, siku nzima, kibanda kimefungwa.

Wengine hawakuthubutu. XP nyingi mtaani zilikuwa za kuchoma, na imani ilienea kwamba ukisasisha, Microsoft “inakuona” na kukuzimia mashine. Haikuwa imani ya bure kabisa, kwa kuwa SP2 ilizikataa baadhi ya namba za wizi zilizojulikana sana, na kuanzia 2005 ukaguzi wa uhalali ukaongezwa. Lakini viraka vya usalama havikunyimwa nakala hizo kupitia masasisho ya kujiendesha. Watu walizima masasisho wakikwepa polisi, wakamwachia mwizi mlango.

Mazoea hayo hayakuwa ya maskini peke yao. Ijumaa ya tarehe 12 Mei 2017, mnyoo wa WannaCry ulipita mlango 445, siku 59 baada ya kiraka kutoka, ukafunga mafaili ya kompyuta zaidi ya 200,000 katika nchi zipatazo 150. Hospitali za Uingereza ziliahirisha upasuaji. Wengi waliilaumu XP, ilhali sehemu kubwa ya walioathirika walikuwa na Windows 7, ambayo kiraka chake kilikuwa kinawangoja.

Mnyoo huo ulizimwa na kijana wa miaka 22, Marcus Hutchins, aliyeona kwamba kabla ya kufunga mafaili unaita anwani fulani ya tovuti isiyokuwepo. Akaisajili kwa dola 10.69. Tangu hapo, kompyuta iliyovamiwa na kuipata anwani hiyo ilisalimika. Iliyokuwa nyuma ya ukuta mkali usioruhusu wito huo utoke iliendelea kufungwa. Wataalamu wakaanza kuwasihi mafundi waiache njia hiyo wazi.

Nilimsimulia Anko, ambaye sasa anatengeneza simu. Nilidhani atabisha, kwa sababu amewafundisha watu kuchomoa waya kwa miaka kumi na minne. Aliweka bisibisi chini.

“Kwa hiyo safari hii,” akasema, “mlinzi alitakiwa amkopeshe mwizi simu?”