Sumu, simu na daktari wa zamu

Wadau, hebu fikirieni. Saa tisa usiku, binti kaletwa hospitali moja ya Uingereza, kameza vidonge vya paracetamol kiganja kizima. Anaongea, hata anatabasamu. Daktari kijana wa zamu afanyeje?

Zamani angepekua vitabu. Mwaka 1963 nchi ile ikaanzisha huduma ya taifa ya taarifa za sumu. Guy's Hospital ya London ilikuwa moja ya vituo vyake. Daktari anapiga simu, anajibiwa na mtu mwenye mafaili ya dawa, sabuni, viuatilifu, mpaka uyoga. Ni ya watabibu tu, si ya raia (hata mimi nilishangaa).

Miaka ya 1980 Edinburgh wakaingiza mafaili kwenye kompyuta, wakayaita TOXBASE. Mwaka 1999 yakahamia kwenye intaneti.

Na yule binti? Tabasamu lisimdanganye mtu: ini huharibika kimyakimya, dalili zikaja siku ya pili au ya tatu. TOXBASE inamwambia daktari apime damu saa 4 zikishapita tangu binti ameze, na dripu ya asetilisisteini ianze kabla ya saa 8. Akikwama, bingwa wa sumu yupo kwenye simu, usiku huohuo.