Kibanda cha Curran

Vijana wetu waliozaliwa Ulaya hupenda kupanda milima wakati wa theluji. Mimi niliyeijua baridi ukubwani siwakatazi, nawasimulia tu.

Mwezi Novemba 1971, wanafunzi sita wa Edinburgh na viongozi wao wawili walinaswa na tufani ya theluji juu ya milima ya Cairngorm, Uskochi. Walikuwa wakielekea kibanda cha Curran, wasikifikie. Wakalala nje usiku mbili. Wanafunzi watano na kiongozi msaidizi wakafariki kwa baridi. Kiongozi mkuu alitambaa thelujini kutafuta msaada, hata helikopta ikamwona. Mwanafunzi mmoja naye akaokolewa.

Mwaka 1975 kibanda kikaondolewa. Ilihojiwa kwamba kimbilio lile ndilo lililokuwa likiwavuta watu kwenye hatari.