Ulinganishaji wa Namba

Tangu tarehe 8 Mei 2023, mfanyakazi anayeingia kwenye akaunti ya ofisi kwa arifa ya Microsoft Authenticator hakutani tena na vitufe viwili tu, kukubali au kukataa. Kompyuta humwonyesha namba ya tarakimu mbili, na simu humtaka aiandike namba hiyohiyo ndipo aruhusiwe. Kwa Kiingereza utaratibu huu huitwa "number matching". Mwanzoni msimamizi wa mfumo ndiye aliyeamua kuuwasha au kuuacha. Siku hiyo Microsoft ilianza kuulazimisha kwa mashirika yote yanayotumia arifa hizo. Kwa Kiswahili napendekeza tuuite ulinganishaji wa namba, na nasisitiza kwamba neno uthibitishaji lisirudiwe hapa.

Uthibitishaji lina mzigo wake tayari. Ndilo jina la kazi nzima ya mfumo kujiridhisha kwamba anayeingia ndiye mwenye akaunti, na ndiyo maana tunasema uthibitishaji wa hatua mbili: nenosiri kwanza, simu baadaye. Shida iko kwenye kitenzi. Thibitisha kimezoeleka kwenye simu zetu kwa maana ya kukubali jambo ulilolianza mwenyewe. Ukituma pesa, menyu hukuonyesha jina la mpokeaji na kiasi, kisha hukuambia uthibitishe. Unabonyeza, kwa kuwa wewe ndiye uliyetaka kutuma. Arifa ya kuingia ofisini ikija na neno hilohilo, kidole kitabonyeza vilevile, ingawa safari hii aliyelianza jambo huenda ni mtu mwingine kabisa.

Hapo ndipo wezi walipopenyea. Septemba 2022 mtu aliingia kwenye mifumo ya Uber kwa akaunti ya mkandarasi wa kampuni hiyo. Kwa maelezo ya Uber yenyewe, huenda nenosiri lilinunuliwa kwenye masoko ya siri ya intaneti baada ya kifaa cha mkandarasi kuambukizwa programu hasidi. Nenosiri peke yake halikutosha. Mwizi akajaribu kuingia mara kwa mara, na kila jaribio likatuma ombi kwenye simu ya mkandarasi. Mwanzoni mlango ulibaki umefungwa. Mwishowe mkandarasi akakubali ombi moja, na likatosha. Tusimwone mjinga. Mtu ambaye simu yake haiachi kuita hufika mahali akataka kelele ziishe, na kitufe cha kukubali kiko palepale chini ya kidole.

Tafsiri ya neno kwa neno ya jina la Kiingereza la shambulio hili ingetupa "uchovu wa uthibitishaji", na siipendi hata kidogo, maana inamtazama aliyechoka na kumsahau anayechosha. Tuseme shambulio la kuchosha. Yupo anayelifanya, tena kwa makusudi.

Namba inazibaje pengo hilo? Inajitokeza kwenye kioo cha anayejaribu kuingia. Kama ni mwizi, namba anayo yeye, na wewe uliyeshika simu huna cha kuandika. Hodi ikipigwa usiku, mwenye nyumba huuliza "Nani?" kabla ya kusema "Karibu", lakini arifa ya zamani haikumpa nafasi ya kuuliza. Toleo la Microsoft Authenticator la saa ya Apple liliondolewa mapema mwaka 2023, kwa kuwa halikupatana na vipengele vya usalama vya programu hiyo.

Nimechagua kulinganisha kwa sababu kitenzi hiki kinaita macho mahali pawili: kinachoonekana kule ndicho kinachoandikwa huku? Kuoanisha kungefaa, ila simu zimekwisha kukichukua kwa kazi ya kuunganisha spika na vifaa vya masikioni kwa Bluetooth, na kufananisha kunaridhika na vitu vinavyokaribiana. Hapa 47 na 74 hazikaribiani hata kidogo. Istilahi hii ni ya miongozo na mafunzo. Kwenye kioo chenyewe mtumiaji aambiwe cha kufanya: "Andika namba unayoiona kwenye kompyuta." Chini yake kiwepo kitufe cha "Si mimi", kwa herufi zinazosomeka bila miwani.

Msimamizi anaweza pia kuruhusu arifa ionyeshe jina la programu inayofunguliwa na mahali ombi lilikotoka. Mahali hapo hukadiriwa kwa anwani ya IP, kwa hiyo aliyekaa Morogoro anaweza kuonyeshwa Dar es Salaam. Tukiandika "mahali ulipo" tutamtisha bure. "Makadirio ya mahali" ndiyo sahihi.

Bado tapeli anaweza kumpigia mfanyakazi, akajifanya mtu wa TEHAMA na kumtajia namba ya kuandika. Ndiyo maana kioo kinahitaji sentensi ya pili: "Usiandike namba uliyotajiwa na mtu." Tovuti bandia ni tatizo gumu zaidi, kwa sababu inaweza kuichukua namba kutoka tovuti halisi na kumwonyesha mtumiaji papo hapo, naye akailinganisha kwa uaminifu wote. Dhidi ya hila hiyo kinachofaa ni ufunguo wa siri unaohifadhiwa kwenye simu au kompyuta: umefungwa na anwani halisi ya tovuti, na kwenye anwani nyingine haufanyi kazi, hata ikitofautiana kwa herufi moja.